Mahali pa kukaa

Mwezi wa tatu Mama alikwenda tao, katikati ya mji, kuchukua dawa za magoti. Alishuka stejini karibu na barabara ya Ronald Ngala, akatembea mwendo wake wa siku hizi: hatua ishirini, anasimama, hatua ishirini, anasimama. Alipofika mbele ya jengo moja refu magoti yakakataa kabisa. Jengo hilo lina ukingo wa zege uliozunguka kibustani cha maua, kimo chake kama cha kiti. Akanyoosha mkono ajishike, aketi. Mkono ukagusa chuma. Ukingo wote umepandwa vyuma vifupi vyenye ncha, mstari baada ya mstari, kama meno ya mamba.

Aliniambia jioni, amekaa kitandani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. "Nimeshinda mjini tangu asubuhi na sijakaa hata mara moja. Nani huyo alifikiria kitu kama kile?"

Sikumjibu. Nilimjua aliyefikiria, na aliyechora nilimjua zaidi. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Msanifu anaamua, mwenye jengo anaamua, mimi nachora. Maagizo ya vyuma vile yalikuja kwa barua pepe ya mstari mmoja: watu wanakaa mbele ya jengo, weka kitu wasikae. Nilivichora mchana mmoja. Nikapiga hesabu vinaingia vingapi kwa kila mita, nikaandika kipenyo na urefu, nikatuma kabla ya saa kumi ili niwahi matatu. Sikuwaza magoti ya mtu yeyote.

Tangu jioni ile ya beseni kuna neno moja haliniachi. Nairobi hatuulizani "Unaishi wapi?" Tunaulizana "Unakaa wapi?" Unakaa Pipeline, unakaa Kayole, unakaa Kawangware. Kiswahili kimefunga mambo mawili ndani ya kitenzi kimoja: kuketi, na kuwa na maskani. Humo humo tukapata makao, mkazi na kikao. Nimeisoma upya historia ya mji wangu kupitia neno hili, na ninachokiona ni kwamba watu wasio na silaha waliposhinda hapa Nairobi, mara nyingi walishinda kwa kukaa. Waliambiwa ondokeni, wakakaa. Sisi tunaochora mji ndio tunaoamua, sentimita kwa sentimita, kama mtu atapata pa kukaa au hapati. Ndiyo maana naandika haya.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mpishi wa chai kwenye ofisi moja upande wa Valley Road. Tarehe 28 Februari mwaka huo akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Kisha wakaingia Uhuru Park, kwenye ile kona inayotazama makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, wakatandika, wakakaa. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa nao. Walisema hawatakula wala hawatatoka mpaka wana watoke. Siku ya tano, tarehe 3 Machi, polisi walikuja na marungu na vitoa machozi. Wangari alipigwa akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao, na aliyelelewa na bibi yake anajua hiyo ni laana ya namna gani. Walipofukuzwa pale wakaenda All Saints Cathedral, hapo hapo jirani, wakakaa tena. Safari hii walikaa karibu mwaka mzima.

Mama alikuwa akibakiza chai. Mwajiri wake hakujua, au alijua akanyamaza. Siku moja ya likizo ya Aprili alinichukua tukaingia naye mle chini ya kanisa, birika limefungwa kwa leso lisipoe. Nakumbuka magodoro yaliyopangwa kando ya ukuta na harufu ya nguo zilizokaukia ndani. Nakumbuka akina mama wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha mbele. Mmoja alikuwa akisuka kiondo, uzi ameuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu wake ili aukaze. Alinivuta kando yake, akanimegea nusu ya kiazi kitamu kilichopoa. Hakuniuliza jina wala ninasoma darasa la ngapi. Alinisogezea kona ya blanketi lake, akauliza, "Umekaa vizuri?"

Mwanzoni mwa 1993 karibu wana wao wote walikuwa wametoka gerezani.

Nimerudi mara nyingi kwenye ile kona, siku hizi tunaiita Freedom Corner, na sasa naitazama kwa jicho la kazi yangu. Ni mahali pazuri mno kwa mtu asiye na silaha. Pande mbili imepakana na barabara zenye watu wengi kuliko karibu zote mjini, kwa hiyo anayepita kwa matatu anakuona, anayekwenda kazini kwa miguu anakuona. Bunge liko umbali wa kutembea. Kanisa liko karibu, lina mlango. Kuna nyasi za kukalia na mti wa kukinga jua. Mwenye bunduki anaweza kufanya kazi yake gizani au nyuma ya ukuta. Asiye nayo anahitaji kuonekana, anahitaji kivuli, choo na maji, na njia zaidi ya moja ya kutokea. Kama mji haumpi hivyo, umemshinda kabla hajafungua mdomo.

Na kona ile ilikuwepo 1992 kwa sababu tu ya barua zilizoandikwa 1989. Wadogo zangu wengi hawaijui habari hii vizuri, kwa hiyo niruhusuni niisimulie kwa urefu kidogo. Uhuru Park ilifunguliwa 1969. Miaka ishirini baadaye chama tawala kiliamua kujenga humo mnara wa ghorofa 60, kiweke makao yake na gazeti lake, na mbele yake sanamu kubwa ya rais. Ungekuwa mnara mrefu kuliko yote Afrika. Wangari Maathai alipopata habari akakaa chini akaandika. Aliiandikia ofisi ya rais. Akaliandikia gazeti lenyewe. Akaiandikia tume iliyosimamia jiji, mkuu wa mkoa, waziri wa mazingira, mashirika ya Umoja wa Mataifa na balozi wa Uingereza. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Bungeni wabunge walimtukana wakimtaja talaka yake, na rais mwenyewe akasema hadharani kwamba mwanamke wa heshima huwasikiliza wanaume na kunyamaza. Shirika lake la Green Belt likafurushwa kwenye ofisi za serikali, akahamishia kazi yote nyumbani kwake South C, mafaili mpaka sebuleni. Hakuacha kuandika. Wafadhili wa nje wakaanza kurudi nyuma, na mapema 1990 mradi ukaanguka.

Alikuwa na kalamu, bahasha na anwani za watu. Mimi nina hivyo vyote na kompyuta juu yake.

Ninachopenda zaidi katika hoja yake ni kwamba hakutetea miti peke yake. Alimtetea mtu anayekaa chumba kimoja na watoto wanne. Jumapili mtu huyo atakwenda wapi? Sisi tulikuwa watu hao. Tulikwenda Uhuru Park na chupa ya juisi ya unga na mikate iliyopakwa Blue Band, tukakaa nyasini karibu na bwawa la mashua mpaka jua litue. Baba hakuwa na pesa za mashua, tulitazama wenzetu wakipiga kasia na tukaridhika. Kama ule mnara ungejengwa, ningekuwa na umri gani nilipokaa kwenye nyasi kwa mara ya kwanza bila mtu kuniuliza natafuta nini?

Jeevanjee Gardens nayo ilitaka kwenda. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906, na mwaka 1991 ukaja mpango wa kuigeuza maegesho ya ghorofa na maduka. Mjukuu wake Zarina Patel akasimama, akaandika, akakusanya watu, bustani ikabaki. Pita pale saa saba mchana wowote wa wiki. Kuna mhubiri upande huu, anayelala usingizi wa mchana upande ule, na katikati yao watu wa Bunge la Mwananchi wamezunguka benchi wakijadili bei ya unga na mambo ya katiba kama wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo. Hakuna kiingilio. Hulazimiki kununua soda. Ni bunge lililozaliwa na benchi, nalisema hilo kwa moyo wote.

Mimi nimezaliwa Kaloleni, Eastlands, na Mama bado anakaa huko. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na mikono ya mateka wa Kiitaliano ilitumika kuujenga. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye vilima na hewa baridi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki kwenye udongo mweusi unaonata, na hata hapo ulikuwa na kibali cha kuwepo maadamu una kazi. Hukuhesabiwa kuwa unakaa Nairobi. Ulihesabiwa umekuja. Waliouchora mtaa wetu waliweka nyumba ndogo za mawe kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati wakaweka ukumbi. Walitaka Mwafrika apate pa kucheza dansi na kufundishwa usafi, atulie.

Mwaka 1950 Nairobi ilipandishwa hadhi kuwa jiji, tarehe 30 Machi, kwa sherehe kubwa na mgeni wa kifalme. Vyama vya wafanyakazi vikawaambia watu wasiende, kwa maana jiji ni la nani? Wiki tatu baadaye, tarehe 23 Aprili, ukumbi wetu ulijaa mpaka nje. Ulikuwa mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama akatoa azimio: uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, sasa. Katikati ya Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na mgomo mkuu ukafuata, wafanyakazi wakikunja mikono na kudai viongozi wao na mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alizuiliwa mpaka 1961.

Babu yangu, aliyekuwa dereva wa lori la manispaa, alikuwa akinionyesha dirisha alilosimama chini yake siku ile, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. "Sikumwona," aliniambia, "lakini nilimsikia vizuri, madirisha yalikuwa chini na yalikuwa wazi." Nikiwa mtoto nililiona hilo kuwa jambo dogo. Sasa najua kimo cha dirisha ni uamuzi wa mtu aliyekaa na rula. Mchoraji yule, sijui kama aliwahi kufika Kaloleni, aliweka dirisha mahali ambapo mtu wa nje anaweza kusikia ya ndani, na dereva wa lori akasikia neno uhuru. Yeye aliyelichora hakukusudia hivyo hata kidogo. Ukumbi wenye milango mingi na madirisha ya chini hujazwa na yaliyomo mioyoni mwa watu, penda usipende.

Ningeweza kuendelea. Machi 1922, watu maelfu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na palipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo, wakitaka Harry Thuku aachiliwe, kijana aliyekuwa akipinga kodi na kipande, kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Mary Muthoni Nyanjiru aliinua vazi lake mbele ya wanaume waliotaka kurudi nyuma, akawaambia wampe suruali zao. Risasi zikapigwa, na masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao wakafyatua. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine walihesabu zaidi sana. Thuku ana barabara yake pale. Jina la Muthoni nimelitafuta kwenye kona ile kwa miguu yangu, asubuhi na jioni, na bado sijaliona kwenye kibao. Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umekata uwanja wao wa kuchezea. Wakausukuma ule ukuta wakiwa na sare za shule, wakapigwa vitoa machozi. Uwanja ulirudi kwao. Wengi wa watoto wale sasa ni watu wazima wanaopiga kura, na natumaini mmoja wao anasomea mipango miji.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Nimekisoma mara nyingi na kila mara najiuliza swali la mchoraji: wapi? Haki ya kukusanyika inahitaji ardhi ya kusimamia. Juni 2024 vijana walipojaa barabara za katikati ya mji kupinga Mswada wa Fedha, wengi wakiwa wameinua mikono mitupu, niliwatazama wakikimbia kutoka uchochoro hadi uchochoro na nikaona makosa ya kazi yetu yote kwa pamoja. Mageti yamefungwa. Vijia vimejengewa vibanda vya walinzi. Hakuna bomba la maji. Hakuna choo. Kijana akitaka kukaa apumue, kila ukingo una chuma.

Najua wenzangu watasema mji wenye benchi nyingi huzaa wazururaji na wezi. Nimesikia hilo kwenye mikutano ya kazi zaidi ya mara moja. Sikubaliani. Mwizi wa simu hakai, mwizi hukimbia. Anayekaa ni Mama, ni mjamzito, ni mjumbe aliyetumwa na barua tangu asubuhi, ni mtu aliyetoka Mlolongo kutafuta kazi na hana nauli ya kurudi kabla ya jioni. Tembea Luthuli Avenue uone. Ile barabara yenye jina la Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ya mwaka 1960, kwa kuupinga ubaguzi Afrika Kusini bila kumwaga damu. Miaka michache iliyopita magari yalipunguziwa nafasi, yakabaki ya kwenda upande mmoja, na njia ya wapita kwa miguu ikapanuliwa. Maduka ya redio na televisheni hayakufa. Na mtu anatembea bila kupigwa kumbo.

Somo langu kubwa, hata hivyo, nililipata Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwa mwanamke mwenye leso.

Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango: Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya zipatazo 100,000. Watu hawa walikuwa wamekataa kufukuzwa kwa miaka mingi, kupitia Muungano wa Wanavijiji ulioanza 1996 wakati mabomoko yalipokuwa ya kila siku. Walihesabu nyumba zao wenyewe, wakachora ramani zao, wakaweka akiba, wakaenda mahakamani. Upangaji ulipoanza, ulianzia chini, kaya kumi zikikaa kikao, kisha vikao vikikutana na vikao. Mimi nilikwenda mwaka uliofuata, nimeazimwa na ofisi kusaidia kuchora kwa wiki chache.

Nilifika na karatasi kubwa. Nikaibandika kwenye ukuta wa mabati, nikaanza kueleza: hapa itapita barabara ya mita 9. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu. Mama mmoja, anauza samaki wa kukaanga, akaniuliza mita 9 ni leso ngapi. Sikuelewa. Akafungua leso kiunoni, akaitandaza chini kwenye uchochoro, akaikunjua tena mbele yake, na tena, huku anahesabu. Leso moja urefu wake ni kama mita moja na nusu. Leso ya tatu iligonga ukuta wa jirani yake. Akainuka, akapangusa leso vumbi, akasema, "Yako ni leso sita. Leso zako tatu zilizobaki ziko ndani ya chumba cha huyu shosho. Atakaa wapi?"

Hakupiga kelele. Hakunitukana. Alisimama pale na leso mkononi akingoja jibu, na mkutano mzima ukangoja naye.

Barabara ile ilipunguzwa. Zilipunguzwa nyingi, kwa sababu swali kama lake liliulizwa kwenye vikao vingi, na wapangaji wakakubali kwamba vipimo vya vitabuni vingefukuza watu wale wale waliokuwa wakipangiwa. Gari la zimamoto lilitafutiwa njia yake kuu, na vichochoro vikabaki vya miguu na mikokoteni. Sisemi Mukuru sasa ni peponi. Mwaka 2021 nyumba nyingi za kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, na familia zikalala kwenye matope ya mvua. Lakini tangu siku ile sijabandika mchoro wowote mbele ya watu kabla ya kuuhesabu kwa leso.

Sasa niko Kaloleni, kwenye kipembe cha ardhi kilichoachwa kati ya nyumba za nyuma na njia ya kwenda stejini. Wazee wa mtaa wameomba niwachoree pa kukaa. Tumefanya vikao vitatu chini ya mwarobaini. Vijana walipinga mwanzoni: wakiwekewa benchi, kanjo (askari wa kaunti) na polisi watajua pa kuwakamatia kwa kosa la kuzurura. Ilikuwa hoja nzito na tuliijadili jioni nzima, mpaka ikaamuliwa benchi zisiwe pembeni gizani bali zitazame njia, mahali ambapo mama muuza mandazi anaona kila kitu na yeye mwenyewe anaonekana. Benchi zitatazamana mbili mbili, zisipangwe mstari mmoja kama za hospitali, kwa sababu watu waliopangwa mstari hawana la kuambiana.

Kisha nikachora benchi yenyewe. Vitabu vinasema sentimita 45 kutoka chini. Nikamkalisha Mama kwenye kiti cha kimo hicho, nikamwomba ainuke. Hakuweza bila kunishika. Nikaongeza matofali chini ya miguu ya kiti mpaka 50, akainuka kwa kusukuma mkono. Kwa hiyo ni 50 kwa benchi mbili za wazee, na 42 kwa za watoto. Kila moja ina egemeo la mgongo, na pa kushikia mkono kwenye ncha zote mbili. Fundi aliuliza kwa nini katikati hakuna kishikio, kama alivyozoea kuona mjini. Nilimweleza kwamba kile cha katikati huwekwa ili mtu asijilaze. Akatazama mchoro kwa muda, akasema, "Basi acha ajilaze. Kama amechoka?"

Choo bado ni vita. Ardhi ni finyu, na bomba la maji taka liko mbali. Nimekichora hata hivyo. Mahali ambapo mwanamke hapati choo, atakaa saa mbili halafu aende nyumbani, na mambo yataamuliwa na waliobaki.

Lile jengo la mjini nalo sijaliacha. Mwezi wa nne niliwaandikia wanaolisimamia. Nilieleza kwamba ni mimi niliyechora vile vyuma, kwamba nilikosa, na kwamba niko tayari kuchora ukingo mwingine bure, wa mbao juu ya zege, maua yakibaki kama yalivyo. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliipeleka kwa mkono, nikaomba ipigwe mhuri, nikawatumia nakala watu saba wengine. Wiki jana nilipigiwa simu: nije Jumanne saa nne, ingawa huenda nikangoja, meneja ana shughuli nyingi.

Nikamwambia Mama. Amesema twende wote, na kama ni kungoja tutangojea pale pale nje, mbele ya ukingo. Ameshatoa kigoda chake cha jikoni, amekifuta vumbi, amekiweka karibu na mlango.